Kiraka cha Kiondo: Tafakuri Kuhusu Utunzaji wa Matini

Katika uhakiki wa matini tumezoea kuuliza: ipi nakala ya asili? Swali hilo huulizwa pia katika makumbusho, pale mhifadhi anapoletewa kifaa kilichochakaa. Makala haya yanalichunguza kwa kutazama kiondo kimoja cha Ukambani.

Kiondo hicho alikisuka marehemu nyanya yangu huko Kitui kwa nyuzi za gome la mbuyu, alizozisokota kwa kiganja juu ya paja. Kama ilivyo desturi, alianzia kitakoni, akazunguka hadi ukingoni. Leo kiko Makueni kwa dada yangu, nacho kina viraka viwili: kimoja cha katani, kingine cha uzi wa plastiki wa kijani uliofumuliwa kutoka kwenye gunia. Kuhusu hatima yake, ukoo wetu umegawanyika. Wapo wanaotaka kikabidhiwe makumbusho kabla hakijaisha. Dada yangu anashikilia kwamba kiondo kisichobeba kitu kimekufa.

Hoja ya wale wa kwanza si ya kupuuzwa. Mwanga hudhoofisha nyuzi, unyevu huleta kuvu, na wadudu hawana huruma. Hata hivyo, mradi mmoja wa kimataifa ulioshirikisha Makumbusho ya Taifa ya Kenya, na ulioandaa maonyesho jijini Nairobi mwaka wa 2021, uliorodhesha zaidi ya vifaa 32,000 vya Kenya vilivyomo katika makumbusho ya ng'ambo. Vifaa hivyo vimehifadhiwa, lakini mbali na mikono iliyojua kuvitengeneza.

Isitoshe, uasili wenyewe ni upi? Mkonge ni mgeni kwetu. Wajerumani waliuingiza Tanganyika mwaka wa 1893. Kiondo cha katani, ambacho watalii hukinunua kama kielelezo cha asili, chenyewe ni kiraka juu ya sanaa kongwe zaidi.

Wahifadhi wana kanuni mbili: ukarabati uweze kuondolewa bila kukidhuru kifaa, na usijifiche kwa mtazamaji makini. Mhariri mwaminifu wa utenzi wa kale hufanya vivyo hivyo. Akijaza neno lililoliwa na mchwa, hulitia mabanoni. Uzi ule wa kijani umeitimiza kanuni ya pili barabara, kwani haudai kuwa mbuyu.

Msimamo wangu, basi, ni kwamba kinachostahili kuhifadhiwa kwanza ni ujuzi wa kutia kiraka. Kiondo cha kabatini chaweza kudumu karne nzima, lakini pasipo mkono unaokielewa kitakuwa matini isiyo na msomaji. Nimeupendekezea ukoo kwamba kibaki Makueni hadi binti wa dada yangu atakaposuka kingine kwa kufuata kielelezo chake, kwa gome la mbuyu, akianzia kitakoni. Baada ya hapo cha nyanya kiende makumbusho, na viraka vyake viingizwe katika rejista: ni vya uzi gani, na ni vya mkono wa nani.