Taa ya Injini na Pesa za Mama

Najua nimekuwa kimya. Chanzo ni gari, na leo naeleza yote, pamoja na jambo ambalo Mama hajui.

Mwezi wa pili, hapa Minnesota, taa ya injini iliwaka nikitoka zamu ya usiku. Fundi akachomeka kipimo chake, ikatoka namba P0135: hita ya sensa ya oksijeni ya mbele. Akasema sensa imekufa. Nikalipa dola 180 akafunga mpya. Siku ya tatu taa ikawaka tena.

Nikampigia mdogo wangu, fundi wa Gerezani. Akacheka sana. "Dada, waya mlipima?"

Akanielekeza kwa simu. Sensa hiyo inakaa kwenye ekzosi, inapima moshi na kuipelekea kompyuta umeme kidogo: karibu volti 0.1 hewa ikizidi, 0.9 petroli ikizidi. Kompyuta ndiyo inaongeza au kupunguza petroli. Ila sensa haisomi vizuri mpaka ipate moto wa nyuzi 300 hivi, ndiyo maana ina hita yake. Ikiwa baridi, kompyuta inakisia tu, na petroli inakwisha haraka.

Waya ni nne, mbili za rangi moja ni za hita. Bahati nzuri sensa ya zamani nilikuwa nayo. Nikaipima: hita nzima! Nikachomoa plagi, nikafungua swichi, nikapima upande wa gari. Ilitakiwa volti 12. Sifuri. Fyuzi nzima. Nikaufuata waya mpaka chini ya gari, nikakuta shaba imegeuka kijani na kukatika, imeliwa na chumvi wanayomwaga barabarani kuyeyusha barafu. Nikaunga kipande kipya, nikakifunga maji yasiingie. Dola 6. Taa haijarudi.

Jamani, niliona aibu. Kazini mashine ikisema oksijeni 70 na mgonjwa anacheka anakula, naangalia kwanza kibanio cha kidoleni na waya wake. Sijawahi kumwekea mtu pafu jipya kwa sababu ya waya!

Sasa Mama, zile pesa za miwani hazikucheleweshwa na benki kama nilivyokwambia. Zilinunua sensa ambayo haikuhitajika. Nimezituma jana. Nisamehe mwanao.

Ni hayo tu kwa leo. Wasalimieni wote.