Pembe Nne za Shamba

Baba alipima shamba letu la ufuoni, katika kisiwa cha Mfangano, Ziwa Victoria, kwa hatua. Mpaka ulikuwa safu ya mikonge huku na jiwe kubwa kule. Jirani akizozana naye, wazee waliitwa waseme nani alipanda nini, na neno lao ndilo lililokuwa ramani.

Shuleni mwalimu wa hisabati akachora mihimili miwili ubaoni, akaweka nukta nne: (−3, 2), (4, 2), (4, −1) na (−3, −1). Tukaanza kuhesabu mraba mmoja mmoja. Akatuambia tutoe tu. Toa hasi 3 kwenye 4, unapata 7. Toa hasi 1 kwenye 2, unapata 3. Zidisha, eneo ni 21. Nilivutiwa na ile sifuri ya katikati: hatua 3 za kuifikia, 4 za kuipita, na mstatili haukujali kabisa. Maarifa haya yana mizizi katika jiometri ya Mfaransa René Descartes ya mwaka 1637.

Baadaye wapimaji walikuja na vifaa vya GPS, nami nikamwomba mmoja wao anieleze. Kumbe dunia yenyewe imechorewa grafu, kanda kwa kanda! Mfangano iko kusini mwa ikweta, karibu nusu digrii, hivyo namba zetu za kaskazini zingekuwa hasi. Wapimaji huepuka hilo kwa kuipa ikweta namba 10,000,000, na longitudo 33 mashariki, mstari wa kati wa kanda yetu, 500,000. Zote ni mita. Chukua kipande cha ardhi kisiwani kinachoanzia 611,200 hadi 611,260 kwenda mashariki, na 9,948,000 hadi 9,948,040 kwenda kaskazini. Ni mita 60 kwa 40, yaani mita za mraba 2,400, zaidi kidogo ya nusu ekari. Hesabu ni ileile ya ubaoni, mradi pande zifuate mistari ya grafu. Shamba lililokaa mshazari lina kazi zaidi.

Mwaka 2020 Ziwa Victoria lilifurika kupita kiasi, na mikonge ya baba ikazama. Hapo ndipo nilipoithamini ile hesabu. Maji yakila mita 10 kwenye ufuo wa mita 60, zimekwenda mita za mraba 600, na pembe zilizo chini ya maji bado zina namba zake.

Wewe mwenye shamba ufuoni, mwombe mpimaji akuandikie namba za pembe zote nne, uziweke pamoja na hatimiliki yako, na uwaonyeshe watoto jinsi ya kuzitoa.