Unaenda Nayo Wapi?

Betri ya laptopu yangu ilikufa mwaka wa 2022, nami nikakataa kuomboleza. Nikaiweka juu ya stuli karibu na soketi, chaja ikiwa ndani saa zote. Bawaba ya kushoto ilikuwa imevunjika, kwa hivyo kioo kilisimama kwa msaada wa kamusi niliyoiegemeza nyuma yake. Haikutoka hapo tena isipokuwa Desemba. Kusema kweli ilikuwa tayari kompyuta ya mezani, ni vile tu ilikuwa haijaambiwa.

Ijumaa usiku, Agosti 25, 2023, stima ikapotea karibu nchi nzima. Wengi wenu mnakumbuka, maana hata uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta uliingia giza. Mimi nakumbuka magodoro. Nilikuwa nimefika maneno 1,400 ya makala kuhusu jinsi ya kuchagua godoro, kazi ya duka moja la ng'ambo, na nilikuwa naandika moja kwa moja kwenye tovuti ya mteja bila kuhifadhi popote. Kioo kikawa cheusi. Mteja anaishi mahali ambapo stima haipotei usiku mzima, na nilipomweleza aliniuliza kama nina tatizo la kusema ukweli. Sikulipwa. Lakini lile swali liliniuma kuliko pesa, na nitawaambia kwa nini.

Nikaanza kuweka akiba, mia mbili leo, mia tano wiki ijayo. Kufikia Machi 2024 nilikuwa na 25,000. Hapo ndipo shida ya kuchagua ikaanza: laptopu ingine ama ya mezani? Kila niliyemuuliza alinishangaa. Siku hizi nani ananunua kompyuta ya mezani? Si hiyo ni ya saiba na ofisi ya chifu? Freelansa ni mtu wa laptopu. Anakaa kwa kafe na kahawa moja masaa manne, anaonekana ana maisha.

Shuleni mwalimu wetu wa Kiswahili alitulazimisha kuita laptopu kipakatalishi, tukacheka mpaka tukaadhibiwa. Sasa naona neno lenyewe lina akili. Linatokana na kupakata, vile mtu anavyompakata mtoto. Kitu unachokipakata unaenda nacho kila mahali, na watu wakikuona nacho wanajua wewe ni nani.

Jumamosi moja nikashuka Luthuli. "Siz, karibu! Simu, wufa, laptopu?" Nikawapita watano, nikapanda ngazi hadi kibanda cha kijana mmoja ambaye hakuniita. Nikamwambia bajeti. Akaniwekea mashine mbili kando kwa kando, zote eks-UK. Laptopu ilikuwa 24,000. Ya mezani ilikuwa 19,500 pamoja na monita ya inchi 22, kibodi na kipanya. Zote mbili zilikuwa na stika ya Core i5, kizazi cha nne, zote na RAM ya 8GB.

"Si basi ni kitu kimoja?" nikamuuliza.

"Jina ndilo moja."

Akaniandikia nyuma ya risiti. Ya laptopu ilikuwa i5-4300U, viini viwili, wati 15. Ya mezani ilikuwa i5-4570, viini vinne, wati 84. Usiku nilienda kuhakikisha kwa simu na nikakuta hakunidanganya. Laptopu ni nyembamba, joto halina pa kutokea, na betri inabidi idumu, kwa hivyo kichakataji chake hutengenezwa kile kidogo. Ya mezani ina nafasi ya kupumua. Stika ni ile ile, lakini mmoja amekula na mwingine ameonja.

Akafungua kava ya ile ya mezani bila hata bisibisi. Nafasi za RAM zilikuwa nne, mbili tupu. "Ukipata pesa unaongeza. Kibodi ikiharibika unanunua ingine kwa mia tano, unachomeka, unaendelea. Kibodi ya laptopu ikiharibika, mimi nafungua mashine nzima na wewe unafungua mfuko."

"Na stima ikipotea?"

Akacheka. "Hapo sasa. Ikipotea, imezima. Tafuta UPS, hata ya mtumba. Itakupa dakika kama kumi hivi, uhifadhi kazi na uzime kwa heshima."

Nikapiga hesabu ya tokeni pale pale. Uniti moja ni wati 1,000 kwa saa moja. Tuseme ya mezani na monita yake zinakula wati 80 nikiandika, masaa kumi kwa siku. Hizo ni uniti 24 kwa mwezi. Laptopu kwa wati 25 ingekula saba na nusu. Kwa hivyo ule urahisi wa bei ningeulipa polepole kwa stima, na bado ningenunua UPS. Nilifurahi kuona hivyo. Nilikuwa natafuta sababu ya kuchukua laptopu.

"Lakini hii siwezi kubeba," nikamwambia.

Akaniangalia. "Kwani unaenda nayo wapi?"

Nikafungua mdomo nimjibu. Kafe siendi, kahawa moja huko ni chakula changu cha siku. Kuna rafiki yangu wa Rongai ambaye stima yao hupotea kila mvua ikinyesha na hufanya kazi akihamahama. Huyo akinunua ya mezani atakuwa amejitafutia balaa. Anayelala chumba kimoja na watu watatu pia, atafute ya kufunga na kuficha. Lakini mimi naishi peke yangu kwa bedsita, nafanya kazi kitandani, na kwa mwaka mzima laptopu yangu inasafiri mara moja. Desemba, kwenda Voi, kwa Mama.

Nikamwambia nitarudi.

Hiyo laptopu Mama aliinunua Septemba 2019, nilipoitwa chuo. Alichukua mkopo wa chama na akaulipa miezi kumi na minane. Anapika chakula karibu na stendi, wateja wake ni abiria na madereva. Aprili 2020 serikali ilipofunga njia za kuingia na kutoka Nairobi na Mombasa, mabasi yakaacha kusimama. Aliendelea kupika sufuria ndogo, kisha akaacha. Hata njia zilipofunguliwa Julai, pesa hazikurudi kama zamani. Mwaka wa pili karo ikanishinda. Nikampigia simu nikamwambia nimepata basari, asitume kitu tena. Alilia kwa furaha. Nilikuwa sijapata basari. Nilikuwa nimepata kazi ya kuandika kuhusu magodoro.

Nilipanga kurudi darasani muhula uliofuata. Muhula uliofuata nikapanga ule mwingine.

Kila Desemba nilikuwa nabeba ile laptopu kwa begi, kifuani, kama watu wanavyobeba ndani ya matatu za jioni. Baada ya chakula cha usiku naiweka mezani, nachomeka, nasimamisha kioo na mkebe wa maziwa. Mama anapunguza sauti ya redio. Jirani akiingia ananong'onezewa: "Anasoma." Mimi naandika aya ya nne kuhusu springi za godoro huku mamangu akitembea kwa vidole vya miguu ndani ya nyumba yake mwenyewe.

Aliuliza mahafali ni lini. Nikasema korona ilituchelewesha. Mwaka uliofuata nikasema migomo. Aliamini kwa sababu kwa wengine ilikuwa kweli.

Kwa hivyo jibu la swali la yule kijana lilikuwa hilo. Sikuhitaji laptopu ya kufanyia kazi. Nilihitaji ya kuonekana nayo kwa siku kumi za Desemba, na kwa hizo siku kumi nilikuwa tayari kulipa zaidi nipate mashine dhaifu.

Nililala na hayo mawazo siku nne. Siku ya tano nikarudi Luthuli, nikalipa 19,500, na 3,000 ya UPS ya mtumba. Kondakta wa matatu alitaka monita ilipiwe kiti. Tukabishana hadi Globe, nikalipa. Nilipofika, fundi mmoja wa mtaani akahamisha ile SSD ya laptopu ikaingia ndani ya kompyuta ya mezani, inaingia bila matata. Nikawasha. Folda zangu zote zilikuwa hapo, hadi ile ya Mwaka wa Pili.

Jioni nikampigia.

"Mama, nimenunua kompyuta."

"Alhamdulillahi. Ile nyingine imeharibika?"

"Imezeeka. Hii ni kubwa, ya kuweka mahali pamoja."

"Sasa utaibebaje darasani, mama?"

Angeniita jina langu ningeweza kusema uongo mwingine. Aliniita mama, vile huniita tangu utotoni, na nikashindwa. Nikamwambia sina darasa. Nikamwambia tangu lini. Nikamwambia kuhusu basari, na kuhusu magodoro. Alinyamaza hadi nikaangalia simu nione kama imekatika. Kisha akasema, "Nilipunguza redio." Akakata.

Siku tisa hakunipigia na hakupokea. Nilifanya kazi. Ile mashine ni ya kasi, siwezi kudanganya. Nafungua kurasa ishirini na haikohoi. Stima ilipotea mara mbili na mara zote UPS ilipiga kelele, nikahifadhi, nikazima. Nilikuwa nimeweka monita juu ya sanduku la chuma nililoenda nalo sekondari, mimi nimekaa kwa ndoo iliyopinduliwa.

Siku ya kumi simu ikalia.

"Hiyo kitu umeiweka juu ya meza?"

"Juu ya sanduku, Mama."

"Na wewe umekalia nini?"

Nikamwambia.

"Mgongo utakwisha. Mtu anayefanya kazi anakaa kwa kiti." Nikasikia sufuria ikifunikwa. "Yale mengine hatujamaliza. Ukija tutayaongea."

"Sawa, Mama."

"Na Desemba uje bila begi."

Bado sijanunua kiti. Meza niliagiza kwa seremala wa barabarani, akaniuliza vipimo, nikapima monita, kibodi, na nafasi ya kiwiko. Akauliza kama nataka zile za kukunja, za watu wanaohamahama. Nikamwambia hapana, aipige misumari.