Waliobaki Darasani

Mvua za El Niño zilipoanza mwishoni mwa 1997, nilikuwa darasa la saba Garissa. Mto Tana ulifurika, barabara ya Nairobi ikakatika, na kabla hatujatulia homa ya Bonde la Ufa ikaingia kwenye mifugo. Mbuzi walitupa mimba, kondoo wakafa ovyo, watu nao wakafa. Kwetu mifugo ndiyo benki, na karo hutoka huko. Shule zilipofunguliwa Januari, wavulana walirudi. Wasichana wengi hawakurudi.

Rafiki yangu wa dawati moja aliolewa mwezi huo. Alikuwa na miaka 14, na kwenye hesabu sikumfikia. Kwao walihitaji ngamia wa mahari kuziba pengo la mifugo iliyokufa. Dhiki yao niliiona, lakini kaka zake hakuna aliyetakiwa kuziba chochote.

Ambalo sijalisamehe ni jingine. Msichana wa mtaani kwetu alivamiwa alipokwenda kuteka maji. Mama yake alimwogesha, akamvalisha dera safi, akamnywesha chai ya maziwa, akamfungia ndani. Wazee wa koo mbili wakakaa maslaha, yaani kikao cha kimila cha suluhu, chini ya mgunga, wakakubaliana ngamia. Ngamia wakapokelewa na wanaume wa ukoo. Yeye hakuulizwa neno, hakupelekwa hospitali, wala darasani hakuonekana tena. Aliyemfanyia unyama ule tulikuwa tukipishana naye dukani.

Mimi nilibaki shule kwa sababu ya mama. Aliuza maziwa ya ngamia Suq Mugdi. Magari ya kutoka malishoni yakifika, alifungua kila jerikeni, akanusa, akaonja tone kiganjani, ndipo akakubali bei. Noti alizifunga kwenye ncha ya mtandio. Wajomba walipokuja na habari za posa, aliwapikia, akawasikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Huyu anasoma. Karo nalipa mimi." Wengi tuliofika sekondari tulikuwa watoto wa kina mama kama yeye, wa maziwa na wa miraa. Tena tulipenda bweni, maana aliye ndani ya ua wa shule si rahisi kumwoza.

Sheria zilikuja baadaye. Ile ya Watoto ya 2001 ilikataza kuwakeketa na kuwaoza watoto, ya Makosa ya Kingono ikafuata 2006, na ya kupiga marufuku ukeketaji 2011. Hata hivyo, utafiti wa kitaifa wa afya wa 2014 ulikuta zaidi ya wanawake 97 katika kila 100 wa Kaskazini Mashariki wamekeketwa. Mwaka 2017 Sophia Abdi Noor, aliyewapigania wasichana miaka mingi kupitia Womankind Kenya, alichaguliwa mbunge wa Ijara, mwanamke wa kwanza wa eneo letu kushinda kiti cha jimbo. Siku ile mama alilia kwa furaha.

Wazee wetu, maslaha yamezima vita vingi vya koo, na kwa hilo nayaheshimu. Yabakizeni kwenye visima na malisho. Mtoto akivamiwa, msimwogeshe. Mpelekeni hospitali kabla ya saa 72 kupita, mwite polisi, na akipata nafuu mrudisheni darasani.