Ndugu wa ukoo mmoja, na diski niliyoifuta

Wengi mmeniuliza: Linux ni nini, na inatofautiana vipi na zile nyingine zinazofanana nayo? Nitajibu, lakini kwanza nikiri kosa, maana ndilo lililonifundisha.

Hapa Nakivale kikundi chetu kina laptopu moja kuukuu, RAM ya GB 2. Windows iliyokuwamo ilikuwa imechoka: unaiwasha, unaenda kuchota maji, unarudi, bado inazungusha kaduara. Nikajitolea kuibadilisha. Nilikuwa nimesoma kidogo tu, nikajiona fundi.

Nilichosoma ni hiki. Babu wa ukoo ni Unix, iliyoanza mwaka 1969 katika maabara ya Bell Labs, Marekani, mikononi mwa Ken Thompson na Dennis Ritchie. Chuo Kikuu cha Berkeley, California, kikaichukua na kuiongezea mambo yake. Tawi hilo likaitwa BSD. Kizazi chake cha leo ni FreeBSD na NetBSD, zote za 1993, na OpenBSD iliyojitenga na NetBSD mwaka 1995.

Linux si mtoto wa damu. Mwaka 1991 Linus Torvalds, mwanafunzi wa Helsinki, Finland, aliandika kiini chake mwenyewe kinachofuata tabia za Unix. Watu wakakiunganisha na programu za GNU, mradi ambao Richard Stallman aliutangaza mwaka 1983. Ndiyo maana Linux ziko nyingi, kama Debian, Fedora na Ubuntu: kiini ni kilekile, kila mpishi na viungo vyake. Kwa BSD, timu moja hutunza kiini na programu za msingi kwa pamoja.

Na leseni nazo ni tofauti. Kiini cha Linux kiko chini ya GPL: ukikibadilisha na kukigawa, lazima utoe na msimbo wake. Leseni ya BSD inasema chukua, hata ukitaka kuficha msimbo wako, mradi ubakize majina ya walioandika. Kwa hiyo Apple waliweza kutumia sehemu za BSD ndani ya macOS. Simu zenu za Android, nazo, zina kiini cha Linux.

Basi nikachagua OpenBSD, kwa sababu inasifiwa kwa usalama, na, niseme ukweli, kwa sababu ya kujionyesha. Usiku nikaisakinisha. Iliponiuliza kama itumie diski nzima, nikakubali.

Asubuhi Wi-Fi haikamati. Kadi ile ilihitaji firmwea, kiprogramu kidogo cha kiwandani, na OpenBSD huchukua firmwea ya aina hiyo kwenye intaneti baada ya kusakinishwa. Sisi intaneti yetu ilikuwa Wi-Fi hiyohiyo! Ufunguo umefungiwa ndani ya nyumba.

Hilo lilikuwa dogo. Saa nne akaja dada mmoja wa kikundi, akaniuliza: "Kaka, picha ya diploma yangu umeihamishia wapi?"

Karatasi yenyewe ilibaki Kongo, kwenye nyumba iliyoungua. Picha ile ilikuwa ndiyo diploma yake, na maombi ya ufadhili yalikuwa yanafungwa baada ya siku sita. Nilishindwa kumjibu. Alinitazama tu, akakaa chini.

Nikamkimbilia rafiki yangu Mrundi anayetengeneza simu sokoni. Akaniambia, "Zima mashine, usiandike kitu tena juu ya diski hiyo." Akaja na flashi yenye Debian inayowaka bila kugusa diski, na programu iitwayo PhotoRec. Akanieleza kuwa ukifuta diski haraka, unafuta orodha tu. Vitu vyenyewe hubaki mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake.

Picha zilirudi maelfu, lakini bila majina yake, namba tupu. Tulizifungua mmojammoja siku mbili, mimi na yule dada, tukipokezana. Tulipita harusi za watu, watoto, vitambulisho vya wengine. Diploma ilitokea jioni ya pili, mihuri yote inasomeka. Alituma maombi, bado anasubiri jibu.

Laptopu sasa ina Debian. Tangu toleo la 12 la mwaka 2023, Debian huweka firmwea ndani ya kisakinishi, kwa hiyo Wi-Fi ilikamata palepale. OpenBSD si mbaya, jamani. Haikuwa ya mashine hii wala ya intaneti hii.

Tukiwa tunasubiri, Mrundi alinichekesha. Ubuntu, iliyojengwa juu ya Debian na kuanza 2004, ilipewa jina la neno la Afrika Kusini lenye maana ya utu. "Kwetu pia ubuntu ni utu," akasema, "na ukipewa kitu bure, umepewa ku buntu." Hakunidai hata shilingi.

Kwa hiyo ukiniuliza mfumo upi, nami nitakuuliza: mashine ina RAM kiasi gani, intaneti inaingilia wapi, na ndani mna vitu vya nani? Hilo la mwisho lijibu kwanza, ukiwa na nakala mbili mkononi. Na ninyi wafanyakazi wa mashirika mnaotuletea kompyuta, asanteni. Safari ijayo ongezeni diski moja ya akiba.