Rasta za Naabi na Springi za Zamani

Enzi zile tulipobeba watalii kwa Land Rover ndefu, zile 109, hakuna dereva wa Arusha aliyehitaji kuulizia hali ya barabara. Mgongo ulimwambia. Gari lilikaa juu ya springi za majani pande zote nne, ngumu hasa, na ukishapita lango la Lodoare, ukazunguka ukingo wa kreta ya Ngorongoro na kushuka kuelekea Naabi, rasta, yale matuta madogo ya barabara ya vumbi, zilikupokea kwa kelele. Ukizidisha mwendo meno yanagongana, madirisha yanalia, mtalii nyuma anashika chuma kwa mikono miwili. Kwa hiyo dereva alipunguza, apende asipende. Wakati ule tulihesabu kuwa ni mateso. Leo naona maumivu yale yalizilinda springi kuliko kifaa chochote kinachouzwa dukani.

Asubuhi ilikuwa ya utingo. Alitandika gunia uvunguni, akalala chali na nyundo ndogo, akagonga jani moja baada ya jingine. Jani zima hulia. Lililopasuka hutoa mlio mfu, hata kama ufa wenyewe umejificha chini ya vumbi. Kisha alikagua sentabolti, kijiti kidogo kinachoshikilia majani yote pamoja na kuiweka ekseli mahali pake. Kikikatika, na yubolti zikiwa zimelegea, ekseli husogea nyuma upande mmoja na gari likaanza kutembea kimshazari kama kaa wa pwani. Aliyekuwa nyuma yako ndiye aliyekuambia kwanza.

Shokapu za nyuma tulizivika vipande vya mpira wa tyubu iliyokwisha kazi, tukavifunga kwa waya. Sababu ilikuwa mawe. Tairi la mbele hulirusha jiwe nyuma kwa nguvu, na bomba la shokapu likibonyea kidogo tu, pistoni ndani inakwama au sili inachanika. Shokapu yenye vumbi kavu ni nzima. Yenye vumbi jeusi lililolowa imeshavuja, usijidanganye. Kuhusu springi zenyewe, madereva walibishana sana. Wapo waliozipaka oili chafu kila wiki wakidhani wanazitunza, kumbe oili inakamata vumbi na kufanya msasa katikati ya majani. Waliojua walipaka grisi na kuifungia ndani ya turubai, vumbi lisipate njia.

Jani kuu likikatika porini, hakuna aliyepiga simu kwa sababu simu haikuwepo. Ulipiga jeki, ukaweka gogo kati ya ekseli na chesisi, ukafunga kwa mnyororo. Nimeona pia ngozi mbichi ya ng'ombe, iliyoombwa bomani, ikizungushwa kwenye springi ingali na majimaji. Ilipokauka ilijikaza kuliko waya. Mlifika Seronera kwa mwendo wa jongoo, lakini mlifika. Jani lililovunjika nalo halikutupwa. Kipande kirefu kilikatwa kiwe jani la chini la springi nyingine, na kilichobaki kilikwenda kwa mhunzi, kikarudi mtaani kikiwa panga au sime. Kitu kimoja tu mafundi wazuri walikataa katakata: kuchomelea jani lililovunjika. Chuma cha springi kimepikwa na kupozwa kwa kipimo, na moto wa kuchomelea unauharibu ugumu huo. Hapo penye alama ya moto patashika. Pembeni yake patakatika, tena kwa kushtukiza.

Mabadiliko yalikuja polepole. Mwaka 1983 Land Rover walileta One Ten yenye springi za koili. Mwaka 1999 Toyota nao wakaondoa majani ya mbele kwenye Land Cruiser zile ngumu na kuweka koili, nyuma wakaacha majani. Gari ambalo leo linajaza barabara za Arusha ni hilo, likiwa limerefushwa chesisi, likawekewa paa la kuinua, friji na viti vya ziada. Linakaa vizuri. Sitasema uongo, mgongo wangu unalisifu.

Ila dereva sasa haisikii barabara. Akifika rasta anakanyaga mafuta hadi 80, kwa sababu kwenye mwendo huo matairi yanapita juu ya vilele na gari linatulia. Kazi yote ya kulituliza inafanywa na shokapu, ikipanda na kushuka mara nyingi kila sekunde, mpaka oili ndani inachemka na kutoa povu, nayo inaacha kuzuia chochote. Simamisha gari hapo uiguse: utaondoa mkono haraka. Baadaye kitako chake kinang'oka kwenye chesisi, na lawama zinaangukia vipuri feki.

Gerejini tuliamini kwamba springi ndizo zinazochimba rasta. Mwaka 2007 wanafizikia walizungusha gurudumu juu ya mchanga maabarani na kuonyesha kwamba matuta hujitokeza hata gurudumu lisipokuwa na springi yoyote, mradi mwendo upite kiwango fulani. Kumbe mwendo ndio unaochimba. Wala si sisi tu tunaoadhibiwa: Safari Rally iliporudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021 huko Naivasha, dereva Thierry Neuville aliianza Jumapili akiongoza kwa karibu dakika nzima, kisha shokapu ya nyuma ikamtoa mashindanoni. Alikuwa na mainjinia kundi zima.

Siku hizi kutengeneza ni kubadilisha. Juzi kijana mmoja wa gereji alinisalimia, halafu akalalamika.

"Shikamoo mzee. Bushi za sasa hazidumu, mwezi tu zimechanika."

"Marahaba. Ulizikaza gari likiwa wapi?"

"Juu ya jeki."

Basi. Bushi ya mpira ikikazwa magurudumu yakining'inia, inashikwa katika mkao huo. Gari likishuka inajisokota, na kila shimo linaisokota zaidi. Unaingiza bolti, unashusha gari likae kwa uzito wake, ndipo unakaza. Yubolti nazo zinakazwa tena baada ya safari ya kwanza. Hakuna aliyemwambia, kwa kuwa aliyepaswa kumwambia alishaondoka gerejini.

Wenye magari, ratiba zenu ndizo zinazovunja shokapu. Dereva mnayemtaka atoke Seronera baada ya chakula cha mchana na kuiwahi Lodoare kabla lango halijafungwa hana mwendo mwingine wa kuchagua. Mpeni saa moja zaidi njiani, na asubuhi mpeni muda wa kulala uvunguni na nyundo kabla hajawasha injini.