Watoto wetu na watoto wa nchi zingine: nani anajua sayansi?

Bulengo, magharibi ya mji wa Goma – Ilikuwa jioni moja ya mwaka 2024, saa ya kupika, wakati redio ya mji iliposoma habari za masomo. Baba mmoja aliyekimbia vita huko Masisi alikuwa ameketi juu ya bidon mbele ya hema lake, redio ndogo mapajani. Alisikia kwamba mwaka 2019 watafiti wa PASEC walipima wanafunzi wa nchi 14 za Afrika zinazosoma Kifaransa, na Kongo yetu ilikuwa ndani. Zaidi ya wanafunzi 7 kati ya 10 walikuwa wanamaliza shule ya msingi bila kufikia kiwango cha kutosha katika kusoma. Katika hesabu walikuwa kama 8 kati ya 10.

Alizima redio, ijapokuwa habari haikuwa imekwisha.

“Sasa batoto betu beko bajinga?” aliuliza, bila kumuuliza mtu.

Binti yake alikuwa karibu, akipepea makala. Yeye alikuwa darasa la tano la sekondari, sekshoni ya biolojia na kemia. Hakujibu. Lakini alijua baba yake anawaza nini, kwa sababu wiki ile shangazi yake alipiga simu kutoka kambi ya Nakivale, Uganda. Alisema mtoto wake, ambaye ni wa umri mmoja na binti huyu, anajitayarisha kwa mtihani wa kemia wa vitendo. Anashika burette kwa mkono wake mwenyewe, anaachia asidi tone kwa tone mpaka rangi inageuka. “Mtume mtoto huku,” shangazi alisema. “Huko mnampotezea wakati.”

Binti anaijua burette. Ameichora katika daftari lake mara nyingi, akiiga mchoro wa ubaoni, hata anaweza kuichora akiwa amefumba macho. Kuishika hajaishika hata siku moja. Na katika Exetat, mtihani wa kumaliza sekondari, maswali ya kemia ni ya kuchagua jibu moja kati ya majibu yaliyoandikwa. Mtu anaweza kupata diploma yake bila kugusa chombo hata kimoja.

Kesho yake asubuhi baba alikwenda kumwona mwalimu. Mwalimu huyo naye alikuwa mkimbizi wa ndani. Alikuwa amefundisha kemia miaka mingi kijijini, na wakati ule alikuwa anakusanya wanafunzi wa sekondari chini ya bashi kila alasiri, bila mshahara. Baba alimwambia ya redio na ya Nakivale, kisha akauliza swali lake la jana.

Mwalimu hakukataa zile hesabu. Alisema ni za kweli na zinauma, na mtu asizifiche. Lakini alimwomba baba aangalie vizuri kitu gani kilipimwa. PASEC ilipima lugha na hesabu, haikupima sayansi. Kuna mtihani mwingine wa dunia, TIMSS, unaopima hesabu na sayansi kila miaka 4 tangu mwaka 1995. Humo Singapore ndiyo huwa mbele. Mwaka 2019, katika sayansi ya darasa la nane, ilipata alama 608, wakati katikati ya kipimo ni 500. Afrika Kusini ilipata 370, tena kwa wanafunzi wa darasa la tisa. Kongo haijawahi kuingia katika mtihani huo.

“Kwa hiyo mtu akisema batoto betu ni ba mwisho katika sayansi, anasema kitu ambacho hakuna aliyekipima,” mwalimu alisema. “Na mimi nikisema beko sawa na wengine, ninasema uongo uleule.”

Baba alitaka kujua kama nchi iliyo chini inaweza kupanda. Mwalimu alimwambia aangalie hiyohiyo Afrika Kusini: mwaka 2011 ilikuwa na alama 332, mwaka 2015 ikapata 358, mwaka 2019 ikafika 370. Bado iko chini, lakini ilipanda. Halafu alimwambia aangalie jirani zetu wa Burundi. Katika PASEC ya mwaka 2014, watoto wadogo wa Burundi walikuwa wa kwanza kati ya nchi 10, katika lugha na katika hesabu. Nchi yao si tajiri kuliko yetu. Lakini wadogo hao walisoma na kupimwa kwa Kirundi, lugha ya mama zao.

“Mtoto wa Masisi anaongea Kihunde ao Kinyarwanda nyumbani, Kiswahili sokoni, na shuleni anakutana na Kifaransa,” mwalimu alisema. Sheria ya elimu ya mwaka 2014 inataka darasa za kwanza zifundishwe kwa lugha zetu. Lakini vitabu vya lugha hizo ni vichache, na walimu wengi wanaendelea kama zamani. Mtoto ambaye hajaelewa swali hawezi kuonyesha anachokijua.

Baba alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema: “Maneno yako ni mazuri, mwalimu. Lakini mtoto wangu hajashika burette.”

Kwa hilo mwalimu hakuwa na jibu. Alimwomba tu aje siku ya posho, pamoja na majirani.

Siku ya posho alileta bidon ya plastiki inayopitisha mwanga, iliyokatwa juu. Ndani alisimamisha mishumaa miwili, mmoja mrefu na mmoja mfupi, akaiwasha. Binti wa yule baba ndiye aliyechaguliwa kufanya kazi. Alimwaga bikabonati kidogo chini ya bidon, akakamulia ndimu polepole. Povu likatoka. Watu wakangoja. Mshumaa mfupi ukatikisika, ukazimika. Mrefu ukaendelea kuwaka. Alipoongeza ndimu, na huo ukazimika.

“Nani ameuzima?” mwalimu aliuliza. Hakuna aliyepuliza.

Binti ndiye aliyeeleza, kwa Kiswahili. Ndimu na bikabonati vinatoa gazi karboniki. Gazi hiyo haionekani, na ni nzito kuliko hewa, karibu mara moja na nusu. Kwa hiyo inajaa kutoka chini, sawa maji katika bidon. Anayekuwa chini anaikuta mbele.

Mama mmoja mzee akasema kwa sauti ndogo: “Mazuku.”

Ndivyo. Wenyeji wa Goma na Sake wanalijua jina hilo tangu zamani: ile hewa mbaya inayotoka ardhini katika nchi ya volkeno na kulala katika mabonde na mashimo. Mbuzi na mbwa wanakufa humo wakati mtu mzima aliyesimama anapita. Ni hatari zaidi usiku na asubuhi mapema, kabla ya upepo kuitawanya. Wataalamu wa volkeno wa Ulaya na Marekani wanaandika juu ya gazi hiyo, na katika maandiko yao wanatumia neno hilohilo, mazuku. Hapa Kivu sayansi ilikuta watu wana jina tayari.

Lakini Bulengo ni mahali pa mazuku, na waliokimbilia hapo wakitoka milimani hawakujua. Walijenga mahema popote palipokuwa na nafasi. Watoto walikuwa wanalala chini, na wao ndio walikuwa ule mshumaa mfupi.

Jioni ile yule baba alizunguka hema lake akiangalia ardhi. Nyuma kulikuwa na shimo dogo ambalo watoto walipenda kuchezea asubuhi. Aliliziba kwa miiba. Kisha akatafuta mawe na mbao, akainua kitanda cha wadogo. Majirani wawili walikuja kuuliza, na binti akawaeleza tena.

Shangazi alipiga simu tena. Binti mwenyewe aliomba kuongea. Alisema angependa kwenda, lakini si sasa. Huko masomo ni ya Kiingereza, na akifika leo atarudishwa darasa za chini, atapoteza miaka. Kwanza atapita Exetat, kisha wataangalia. Shangazi hakufurahi. Alisema vita haimngoji mtu amalize masomo, na hilo nalo ni kweli. Baba hakumkatalia binti wala shangazi.

Burette ilikuwa bado iko ubaoni tu. Mwalimu aliuliza mjini bei yake, na wazazi wa kambi walianza kuchanga, kila mmoja kwa uwezo wake. Pesa zilikuwa bado hazijatosha.